Chombo cha Habari au Chombo cha Kutolea?

Miongoni mwa tafsiri za mafunzo ya utengenezaji wa tovuti zilizopita mikononi mwetu, imo moja inayostahili sifa kwa ufasaha wake, lakini ina kasoro inayompotosha mwanafunzi. Kila palipotajwa "media" katika kanuni za laha ya mitindo, mfasiri ameandika "vyombo vya habari".

Laha ya mitindo ni orodha ya kanuni zinazoielekeza kompyuta namna ya kuidhihirisha matini. Tangu toleo la pili la lugha ya CSS lilipoidhinishwa mwaka 1998, kanuni hizo zaweza kugawanywa: hizi za skrini, hizi za karatasi. Ukurasa ni ule ule; sura yake ndiyo inayobadilika. Menyu humfaa asomaye kwenye skrini, lakini karatasi haibofyeki. Hivyo kanuni ya karatasi huificha, na nyingine yaweza kuichapa anwani ya kila kiungo kando ya kiungo chenyewe.

Yafaa tukiri kwamba mfasiri alikuwa na kisingizio, kwani orodha ya mwaka 1998 iliitaja televisheni. Lakini iliyataja pia maandishi ya nukta nundu, wala hamkuwamo gazeti. Tena televisheni imekwisha kuondolewa. Zimebaki skrini na karatasi, pamoja na neno la kuvijumlisha vyote. Mwalimu akifundisha "kanuni za vyombo vya habari", wanafunzi watawaza magazeti na redio. Na mtumishi wa ofisi ataendelea kuchapa kurasa zilizojaa menyu, asijue kwamba dawa ipo.

Kwa maoni yetu, kosa haliko katika neno "chombo" bali katika neno "habari". Skrini na printa ni vyombo kweli, na kazi yake ni kutoa nje kilichomo katika kompyuta. Kwa hiyo twapendekeza "chombo cha kutolea". Amri zenyewe, kama vile @media print, ziachwe zilivyo, kwa kuwa kompyuta haitambui tafsiri. Kinachofasiriwa ni maelezo.

Istilahi haisanifiki kwa kupendekezwa tu, bali kwa kutumiwa. Wafasiri na walimu waijaribu hii, na wenye iliyo bora zaidi wasisite kutuletea.