Mweusi Bila Mboji: Udongo wa Mbuga Unavyotambuliwa

Weusi wa udongo wa mbuga umewadanganya wengi. Mtu aliyezoea kulima kichanga akiuona husema papo hapo kwamba pale pana mboji tele, mbolea ya nini. Sampuli ikifika maabara majibu huwa mengine: kaboni mara nyingi haifiki asilimia 2, na naitrojeni ni haba. Rangi ile hutoka kwenye kiasi kidogo tu cha mboji kilichoshikamana barabara na chembe za mfinyanzi. Nimeuchagua udongo huu kueleza kazi ya utambuzi inavyofanyika kwa sababu jicho peke yake haliuwezi, na maabara peke yake, ingawa watu hawapendi kusikia hivyo, haiuwezi pia.

Wataalamu huuita vertisoli. Usukumani ndio uliojaa mabondeni, kuanzia Kwimba hadi Shinyanga na Meatu. Kenya uko Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na uko chini ya mitaa mingi ya Nairobi, ambako fundi hakubali kumwaga msingi kabla hajauchimba wote na kuutupa. Fundi huyo ameshajua jambo ambalo ndilo kiini cha utambuzi wenyewe, kwamba udongo huu unatembea. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo unadai kwanza mfinyanzi usiopungua asilimia 30, kisha nyufa zinazofunguka na kujifunga, kisha, ndani ya mita moja ya juu, tabaka lenye nyuso zilizosuguana au mabonge yenye umbo la kabari. Sharti la kwanza ni kipimo cha kitu kilichotulia. Mawili yanayofuata ni ushahidi wa mwendo.

Ushahidi huo hutafutwa shimoni. Shimo la kuchunguzia udongo huchimbwa likapata kina cha mita moja na nusu hadi mbili, na wakati mzuri ni kiangazi kinapoishia, nyufa zikiwa zimeachama. Juu kabisa kuna chembechembe ngumu zilizolegea, ambazo zikisukumwa na upepo au kwato za ng'ombe hudondokea ndani ya ufa. Mvua zikianza, mfinyanzi wa chini hufura, lakini nafasi yake imeshajazwa na kilichodondoka. Hapo hauna pa kwenda ila kusukumana ubavu kwa ubavu na kupanda juu. Ukibandua bonge kwa ncha ya kisu kwenye kina cha sentimita 70 hivi, upande mmoja unateleza na kung'aa kama sakafu iliyopigwa niru, na juu yake kuna mikwaruzo midogo iliyokwenda sambamba, imelala mshazari. Bonge moja limepita juu ya jingine, mwaka huu na miaka mingi nyuma. Mchunguzi huandika mwelekeo wa mikwaruzo hiyo, rangi kwa kitabu cha Munsell, na vinundu vyeupe vya chokaa vinavyochemka vikidondoshewa asidi. Ukurasa huo una thamani kuliko mfuko wa sampuli atakaoubeba, maana sampuli itatwangwa na kuchekechwa kwa chujio la milimita 2, na mikwaruzo yote itapotea.

Maabara inapokea unga. Kipimo cha kwanza ni cha kutenga mchanga, vumbi laini na mfinyanzi. Udongo huchanganywa na maji yenye sodiamu heksametafosfeti ili chembe ziachane, unakorogwa, unamiminwa kwenye silinda ndefu, kisha haidromita inatumbukizwa. Baada ya sekunde 40 mchanga umeshazama. Baada ya saa 2 kinachoelea ni mfinyanzi kwa sehemu kubwa. Kwa udongo wa mbuga kazi hii inahitaji subira, kwa sababu chembe zisipoachana vizuri zitazama zikiwa zimeshikana, na mfinyanzi mwingi utahesabiwa kuwa mchanga. Jibu likija na mfinyanzi kidogo kutoka kwenye shimo lililojaa nyuso zenye kung'aa, la busara ni kurudia kipimo kabla ya kulitilia shaka shimo.

Hata hivyo asilimia 60 ya mfinyanzi haitoshi kusema lolote. Udongo mwekundu wa vilimani nao unaweza kuwa na mfinyanzi kiasi hicho na usipasuke kamwe. Tofauti iko kwenye aina ya madini. Kaolinaiti, ambayo hutawala kwenye udongo mwekundu uliooshwa na mvua kwa muda mrefu, ina tabaka zilizobanana. Maji hayapenyi katikati yake. Smektaiti ina tabaka zilizolegea, maji yakiingia zinaachana, yakitoka zinarudiana. Eksirei huonyesha hilo waziwazi: smektaiti ikitiwa gliserini, umbali kati ya tabaka zake huongezeka kutoka takriban angstromu 14 hadi karibu 18, na kaolinaiti haisogei. Maabara nyingi za kwetu hazina mashine hiyo, ila zina njia ya kando. Hupima uwezo wa udongo kushika na kubadilishana kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Kwa kila kilo ya mfinyanzi, kaolinaiti hushika sentimoli 3 hadi 15. Smektaiti hushika 80 hadi 120. Pengo ni kubwa kiasi kwamba hata kipimo chenye kasoro ndogo kitakwambia uko upande gani.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji umeme. Tengeneza uji mzito wa udongo, uviringe uwe kijiti cha urefu unaoujua, uache ukauke kabisa, kisha upime tena. Kijiti cha sentimita 10 kikibaki 9.2, gawanya 10 kwa 9.2, toa 1, unapata 0.087. Zaidi ya 0.06 ni udongo wa kufura na kusinyaa kwa nguvu. Maabara kubwa hufanya vivyo hivyo kwa bonge zima lililopakwa utomvu wa plastiki, na hesabu yake ni ya kuaminika zaidi, lakini wazo ni lile lile.

Tuseme sasa tunajua kwamba udongo unaweza kutembea. Je, unatembea? Swali hilo halijibiki maabara hata kidogo. Smektaiti iliyolala ndani ya kinamasi kisichokauka haipasuki, na ile ya jangwani isiyoloweshwa haifuri. Lazima pawe na zamu ya maji na ukavu. Shinyanga hupata kama milimita 700 hadi 850 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na mwanzo wa Mei, halafu miezi ya jua kali inayokausha ardhi hadi chini. Mfumo wa Marekani wa uainishaji umeliingiza jambo hili ndani ya jina lenyewe: vertisoli hugawanywa kwa muda ambao nyufa zake hubaki wazi, na zile za nchi yenye kiangazi kirefu kama hiki, ambazo nyufa zake hukaa wazi jumla ya siku 90 au zaidi kwa mwaka, huitwa usterti. Kwa hiyo takwimu za kituo cha hali ya hewa, mwezi kwa mwezi, ni sehemu ya sifa za udongo sawasawa na pH.

Anayedhani huu ni urembo wa wasomi aitazame Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulipita Tanganyika kwa wiki chache, na ripoti yake ikawa msingi wa mradi wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3. Udongo wa Kongwa ni mwekundu, lakini kosa ni la jamii moja: haukusomwa pamoja na mvua yake. Mvua ilipokatika, udongo ulikauka ukawa mgumu, ukala majembe ya matrekta, na karanga zikagoma kung'oka. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi za Waingereza zilikuwa zimeteketea.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba mbinu ya kusoma nchi ilikuwa imeshapatikana humu humu Tanganyika. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipewa kazi ya kutengeneza ramani ya udongo ya Afrika Mashariki akishirikiana na wenzake wa Kenya na Uganda. Fedha na watu wa kuchimba kila mahali havikuwapo. Aligundua kwamba kati ya kilele na bonde udongo hubadilika kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliuita katena, yaani mnyororo, akaufanya kuwa kipimo cha kuchorea ramani iliyotoka mwaka 1936. Alitofautisha pia katena iliyokaa juu ya mwamba wa aina moja, ambako tofauti zote huletwa na maji na mmomonyoko, na ile inayokatiza miamba tofauti. Alifariki mwaka 1942; maelezo ya safari yake ya Desemba 1935 hadi Februari 1936 yalichapishwa mwaka 1947.

Wasukuma walikuwa na mnyororo huo vinywani mwao siku zote. Karibu na majabali ya matale kuna luseni, kichanga chepesi cha karanga, muhogo na viazi. Chini yake ni itogolo, wenye tabaka gumu linalozuia maji, ambako majaluba ya mpunga huchimbwa. Bondeni ndiyo mbuga. Kemia inaeleza kwa nini: mvua huosha silika, kalsiamu na magnesiamu kutoka juu, maji yakitiririka chinichini huyapeleka bondeni, na mahali yanapojikusanya ndipo smektaiti huumbika na chokaa hufanya vinundu. Mbuga imeumbwa na kile kilichopotea luseni. Sampuli ya bonde isiyo na habari za kilima chake haina asili.

Mkulima hupoteza nini vyeti vya maabara vinapotolewa bila mambo haya? Chukua mashamba mawili ya Shinyanga, la luseni na la mbuga, yote yakiandikiwa "naitrojeni: kidogo". Luseni imepoteza naitrojeni kwa sababu maji huizamisha chini ya mizizi. Mbuga imeipoteza kwa sababu nyufa zikishafungwa maji husimama, hewa hukosekana, na bakteria huigeuza naitrati kuwa gesi. Kwenye luseni, kuigawa mbolea kwa awamu ndogo kunasaidia sana. Kwenye mbuga, mkulima aanze kwa kuyatoa maji au kupanda mpunga, na akitumia yurea aifukie. Dengu, kwa upande wake, husiwa mvua zikielekea ukingoni na kukua kwa unyevu uliobaki kwenye mfinyanzi. Mkulima wa Kwimba anayefanya hivyo anatumia shimo, kalenda ya mvua na mteremko kwa pamoja, na cheti chake hakina hata kimoja.

Ramani za kompyuta za siku hizi zimeelewa. Hutabiri udongo kwa kuunganisha vipimo vya maabara, mvua, joto na umbo la ardhi lililopigwa kutoka angani. SoilGrids hufanya hivyo kwa vipande vya mita 250, na iSDAsoil, ya mwaka 2021, kwa mita 30. Hapa nina msimamo. Kipande cha mita 250 Usukumani kinaweza kuimeza itogolo na nusu ya mbuga, kikatoa wastani wa udongo ambao haupo popote. Mita 30 ni afadhali mno, ila nayo inategemea mashimo yaliyochimbwa na watu. Wakati hayo yakiendelea, fomu ya kupokelea sampuli iongezewe mistari mitatu ya kujazwa shambani: sampuli imetoka sehemu gani ya mteremko, mvua huanza na kukoma lini, na nyufa hufunguka mwezi gani. Mkulima anayajua majibu yote matatu, wala hayahitaji kemikali.