Inua Kitenge Kwanza

Mtu analetwa hospitali ya Kitshanga, mashariki mwa Kongo, usiku. Tumbo limejaa kama ngoma, anatapika nyongo, siku ya pili hajapata choo wala kutoa upepo. Muuguzi mzoefu haanzi na picha. Anainua kitenge, anamulika kinena kulia na kushoto, anapapasa taratibu. Ngiri iliyobana utumbo hujificha pale, na mgonjwa mwenye haya hataitaja. Ataonyesha tumbo tu.

Mwongozo wa tiba uliowekwa kwenye kishikwambi, ukitungwa na mjuzi wa kazi, hufuata mkono huohuo. Huuliza kinena mapema, na hausogei mbele mpaka ujibu. Mpangilio huo wa maswali naupenda mno. Kuna kovu la upasuaji? Maumivu yanakuja na kupoa, au hayaachii? Jibu moja hufunga njia hii na kufungua ile. Maumivu yasiyoachia, homa, mapigo ya mbio, tumbo gumu: aitwe daktari wa upasuaji sasa hivi. Kovu la zamani na tumbo laini: asile, atundikiwe dripu, awekewe mpira wa puani na wa mkojo, asubiriwe.

Kusubiri huko kuna vipimo. Mwenye kilo 60 atoe mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Tumbo lipapaswe tena na tena, ikiwezekana kwa mkono uleule, na saa iandikwe. Kwa kawaida, siku 3 zikipita bila utumbo kufunguka, ni kisu.

Vishikwambi vya namna hii vimeshafanya kazi mbali na miji mikubwa, ingawa kwa maradhi mengine. Mikoani Mbeya na Morogoro, Tanzania, mwaka 2021 hadi 2022, vituo 40 vya afya vilishiriki utafiti. Nusu yake ilitumia programu ya ePOCT+ kwa watoto wagonjwa. Huko antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23 ya watoto, kwingine 70, na watoto walipona sawasawa.

Januari 2023 vita vilipoingia Kitshanga, watu walikimbia, na wauguzi ni watu. Akiondoka aliyezoea kuinua kitenge, zamu hushikwa na kijana ambaye hajawahi kuona ngiri iliyobana. Kishikwambi hakina vidole, lakini swali la kinena hubaki nacho.

Wewe muuguzi unayesoma haya, hata kama huna kishikwambi: usiku wa leo akiletwa mwenye tumbo lililojaa, inua kitenge kwanza, kisha andika saa.