GARI LA WAYA LA KANAZI: SANAA INAYOSUBIRI MHAKIKI

Mhakiki wa sanaa katika nchi yetu amezoea kushughulika na mambo machache: ngoma, vinyago vya Wamakonde, ushairi, taarabu, na picha za mtindo wa Tingatinga. Tangu Wizara ya Utamaduni ilipoundwa mwaka 1962, na hata baada ya Baraza la Sanaa la Taifa kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, orodha hiyo haikupanuka sana. Katika makala hii tunakusudia kukitazama kitu ambacho hakimo ndani yake, nacho ni gari dogo la waya linaloundwa na watoto. Tumelichagua gari la Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba, ingawa watoto wa Singida, Songea au Kisumu nao huyaunda yao, na huko Malawi gari kama hilo huitwa galimoto. Tunasema tutalihakiki, wala si kulisifu tu, maana sanaa isiyopimwa kwa makosa yake huwa haijaheshimiwa bado.

Wako watu wa aina mbili wanaolizungumzia gari hili. Wa kwanza ni mtu mzima wa nyumbani, mara nyingi mzazi au mwalimu, ambaye huliita takataka na kulitupa shimoni pamoja na maganda ya ndizi. Wa pili ni mgeni mwenye kamera, ambaye hustaajabu kwamba mtoto maskini ameweza kuunda kitu kwa mabaki. Hawa wawili hudhaniwa kuwa wapinzani, lakini kwa maoni yetu ni ndugu. Hakuna hata mmoja aliyeinama akalitazama gari lenyewe. Yule anaona uchafu, huyu anaona umaskini. Na umaskini si kipimo cha sanaa, kama vile utajiri usivyokuwa.

Basi tuiname sisi. Tulilolitazama Kanazi ni basi lenye urefu wa sentimita 45 hivi. Kiunzi chake ni waya mzito uliotolewa katika uzio mbovu, na viungo vyake vimefungwa kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nne au tano, kisha ncha zikakunjwa ndani zisimchane mtu. Bodi ni boksi la karatasi ngumu. Jina la basi limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino, na kwa kuwa nafasi haikutosha, herufi ya mwisho imeshushwa chini kidogo. Taa za mbele ni vizibo vya soda. Juu ya paa kuna keria ya waya, na juu ya keria umelala mzigo: vifurushi vya matambara vilivyoshonwa mfano wa magunia ya kahawa, na vikonyo vya ndizi changa vilivyopangwa kama mikungu. Mzigo huo umefungwa kwa kamba za mgomba, na fundo lake ni lile lile ambalo utingo hulifunga juu ya basi la kweli. Kwa yeyote aliyesafiri kati ya Muleba na Bukoba, keria hiyo peke yake ni maelezo tosha ya uchumi wa mkoa.

Magurudumu yamekatwa katika nyayo za kandambili. Kandambili moja iliyokatika hutoa magurudumu mawili, au matatu ikiwa mwenyewe alikuwa na mguu mkubwa.

Hapa ndipo suala la uhalisia linapoingia, na yafaa tulichunguze kwa makini, kwa sababu ndilo linalotumiwa kulidharau gari hili. Huko Ulaya kuna mapokeo makubwa ya kuunda mifano ya magari. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilianza kutoa magari ya Dinky katika miaka ya 1930. Mwaka 1953 kampuni ya Lesney ya London ikaanzisha magari ya Matchbox, yanayoingia katika kisanduku kama cha kiberiti. Wako pia watu wazima, huko na Japani na Marekani, wanaonunua vipande vya plastiki, wakavigundisha, wakavipaka rangi kwa brashi nyembamba, hata kutu na matope wakayaiga. Sanaa hiyo ina sheria moja kuu, nayo ni kipimo. Mfano wa 1:43 maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya mfano inasimama badala ya sentimita 43 za gari lenyewe. Hivyo gari la meta 4.3 litakuwa na sentimita 10, na kila kitasa na kila taa lazima vitii.

Tukilipima basi letu kwa sheria hiyo, litaanguka mtihani. Basi la kweli la meta 11 likifanywa sentimita 45, kipimo ni kama 1:24. Lakini gurudumu la kandambili lina kipenyo cha sentimita 7, ilhali la basi kubwa lina karibu meta 1. Hicho ni kipimo cha 1:14. Usukani nao ni pete ya sentimita 15 iliyo juu ya fimbo inayomfikia mtoto kifuani, na pete hiyo ni theluthi tu ya usukani wa kweli. Chombo kimoja, vipimo vitatu! Mtu wa Dinky angecheka.

Lakini je, fundi amekosea? Gari la Dinky limekusudiwa kukaa rafuni au kuteleza juu ya sakafu. Basi la Kanazi limekusudiwa kusafiri. Njia yake hupita kati ya migomba, hushuka mtoni, hukutana na mizizi, mawe, na udongo unaonata baada ya mvua, na Kanazi si mahali pa mvua chache. Gurudumu lenye kipimo sahihi, la sentimita 4, lingekwama katika alama ya kwato ya ng'ombe. Usukani wenye kipimo sahihi usingeshikika. Kwa hiyo tunaona kwamba kila sehemu imepimwa kulingana na kile inachogusana nacho: bodi kwa macho, gurudumu kwa njia, usukani kwa mikono. Huu ni uhalisia wa namna nyingine, uhalisia wa mwendo, na una kanuni kali vilevile, kwani gari lisilozitii haliendi, na wenzake fundi humwambia hivyo bila adabu.

Kosa la kweli liko mahali pengine. Katika basi hili ekseli nzima ya mbele hugeuka katikati yake kama ya mkokoteni, na ukikata kona ghafula gari hupinduka. Katika gari halisi ekseli haigeuki. Yanageuka magurudumu, kila moja kwenye kiungo chake, na lile la ndani ya kona hukunja zaidi kuliko la nje. Fundi ameiga alichokiona amesimama kando ya barabara, hakulala chini ya gari akaona kilichofichwa. Tungemtaka alale. Wako watoto waliokwisha kulala, na magari yao yana viungo viwili mbele na vipande vya mpira wa tyubu badala ya springi. Hao ndio mabingwa, na bingwa hutambuliwa kwa kuligeuza gari juu-chini.

Pengine msomaji anatazamia tuseme kwamba ustadi huu wa waya umerithiwa kutoka kwa wafua chuma wa Buhaya. Ni kweli kwamba huko Katuruka, katika wilaya hii hii ya Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa karibu miaka 2,000, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliirudia mbele ya watafiti. Ni kweli pia kwamba Kanazi ilikuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja. Lakini mtoto wa leo hakufundishwa na mfua chuma. Amefundishwa na mtoto mwenziwe aliyemzidi miaka miwili. Tusimpe babu kazi aliyoifanya mjukuu.

Jambo linalotutia shaka zaidi ni kwamba karibu mafundi wote ni wavulana. Msichana wa rika lao hukuta mikono yake imekwisha kugawiwa mkeka, maji na mdogo wake wa mgongoni. Anajua kusuka, yaani anajua jinsi uzi unavyoshika uzi bila gundi, na kiunzi cha waya hakina siri nyingine. Hivyo sanaa hii imepoteza nusu ya mafundi wake kabla haijaanza, na hasara hiyo haikuletwa na wakoloni.

Aidha, tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kufundishwa katika baadhi ya shule zetu za sekondari. Mwanafunzi hufika darasani, akachorewa ubaoni ekseli, kiunzi na usukani, naye huandika kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuvisikia. Mwalimu hajui kwamba yule wa dawati la nyuma alikwisha kuunda mabasi sita, na mwanafunzi hasemi, maana la mwisho lilitupwa shimoni. Tungependa siku moja mwalimu aanze somo hilo kwa kuwaambia wanafunzi walete magari yao, wavulana kwa wasichana, wayageuze juu-chini mezani, kisha wabishane ni lipi litakalopinduka kwenye kona na kwa sababu gani. Chaki inaweza kungoja mpaka ubishi huo umalizike.