Bepari, Mjasiriamali au Shujaa? Opera ya Steve Jobs mbele ya Kadamnasi ya Buhare

Jina la opera ya Mason Bates na Mark Campbell, The (R)evolution of Steve Jobs, limejengwa juu ya mchezo wa herufi moja. R imetiwa ndani ya mabano na mtazamaji ameachiwa achague: akiisoma, maisha ya Jobs ni mapinduzi, akiiruka, ni mageuzi. Kiswahili hakina njia ya kuucheza mchezo huo kwa herufi moja, na pengine ni kheri. Visiwani neno mapinduzi lina mwaka wake, 1964, nalo si neno la kutiwa mabanoni kwa wepesi namna hiyo.

Lakini tatizo la herufi ni dogo mbele ya tatizo la cheo. Mtu huyu aliyeimbiwa opera, kwa Kiswahili aitwe nani? Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare na kuipa jina Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza akawa kundi zima, na kazi yake ikapewa neno la lawama. Hukumu ilikwisha kutolewa kabla pazia halijafunguliwa. Leo neno lililoenea magazetini na katika hotuba ni mjasiriamali, neno lenye ujasiri ndani yake na lisilomlaumu mtu.

Huko huko Mara, katika kata ya Buhare mjini Musoma, kipo Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Maofisa wa fani hiyo ni miongoni mwa wanaolifikisha neno mjasiriamali vijijini, kwenye vikundi vya akina mama na vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri. Kwa watu wa hapo mjasiriamali ni mama mwenye dagaa aliowaanika kando ya ziwa, au kijana mwenye meza ndogo ya kutengenezea simu. Kumwita Steve Jobs kwa jina hilo ni kumkalisha kwenye jamvi moja na hao. Wenye jamvi nao wana haki ya kumtazama mgeni wao vizuri, na opera ni mahali pazuri pa kumtazamia.

Opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, Marekani, tarehe 22 Julai 2017. Rikodi yake ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2019. Ni kazi ya kitendo kimoja, dakika tisini hivi bila ya mapumziko, na haifuati miaka kama inavyofuatana. Inaanza mwaka 1965, pale Paul Jobs, baba mlezi, anapompa mtoto wake meza ya fundi. Inaruka hadi mwaka 2007, siku ya kuizindua simu mpya. Kisha inarudi nyuma, inakwenda mbele, inazunguka kama duara la wino ambalo watawa wa Zen hulichora kwa mkupuo mmoja wa brashi. Mtawa Kobun Chino Otogawa, aliyekuwa mwalimu wa Jobs, ni mmoja wa wahusika, na yeye ndiye anayemwongoza mwanafunzi wake katika mzunguko huo.

Uzuri mkubwa wa kazi hii umo katika sauti. Bates amempa kila mhusika ulimwengu wake: Jobs ana gitaa na milio ya kompyuta, kasi isiyotulia, rafiki yake Steve Wozniak ana saksafoni, Kobun ana makengele na mabakuli ya ibada, Laurene, mkewe, ana nyuzi zinazokwenda taratibu. Pale watu wawili wanapokutana, sauti zao hukutana pia, na msikilizaji hujua kabla ya maneno ni nani atakayemshinda mwenzake. Mpenzi wa taarabu hatahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani amezoea kumsikia fidla akitangulia kusema lile ambalo mwimbaji bado analizunguka.

Ubora wa maneno ya Campbell, hata hivyo, hupanda na kushuka, na kipimo cha kuupimia kimo katika ushairi wetu wenyewe. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa yuko kifungoni; anatunga wimbo wenye ujumbe wa siri, anampa kijakazi Saada aufikishe kwa mama yake, mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na usiku wa gungu, ngoma na nyimbo zinauficha mlio wa tupa inayokata pingu. Wimbo ule unafanya kazi. Ukiondolewa, Liyongo hatoki. Je, katika opera ya Jobs ni nyimbo zipi ambazo zikiondolewa kisa kinakwama?

Upo mmoja bila ya shaka: ule wa Wozniak anapoiacha kampuni. Hapo tenori anamwambia rafiki yake usoni kwamba amegeuka kuwa Goliathi, lile jitu ambalo wawili hao walianza safari ili kulipiga kwa kombeo. Muziki unachacha, urafiki unakatika mbele ya macho ya watu, na baada ya hapo Jobs si yule tena. Na upo mwingine wenye uchungu wa namna nyingine, pale Chrisann Brennan anapokuja na habari ya ujauzito na kukanwa. Ukatili wa Jobs haukupakwa rangi. Campbell ameuacha ulivyo, nalo ni jambo la kumshukuru.

Tatizo ni kinachofuata. Laurene na Kobun wanapewa kazi ya kufundisha. Wanamweleza Jobs, na kupitia kwake wanaueleza ukumbi, kwamba binadamu si mashine, kwamba kifo ni sehemu ya uhai, kwamba watu wainue nyuso zao kutoka kwenye vioo vya simu. Wasomaji waliokua na ngonjera wataitambua njia hii mara moja. Ngonjera za UKUTA za Mathias Mnyampala, zilizochapishwa mwaka 1970, ziliweka mbele ya watu mabishano ambayo mshindi wake anajulikana tangu beti za kwanza: asiyejua atajua, mkaidi ataridhia, na wote watatoka wakikubaliana. Ngonjera ilikuwa na haki yake kama chombo cha kufundishia. Lakini mtu aliyemkana mwanawe hakuwa na upungufu wa elimu ambao beti tano za hekima zingeutibu. Opera inamfanya kuwa mwanafunzi aliyechelewa kuelewa somo, kisha inamwaga nyuzi nzuri juu ya kuelewa kwake, nasi tunajikuta tumemsamehe kabla ya kuulizwa. Mezzosoprano Sasha Cooke aliyeimba nafasi ya Laurene ana sauti ya kumfanya hata hasimu alegee. Kwa hiyo msamaha wenyewe ni wa sauti yake, na Jobs ameupokea bila ya kuulipia.

Anayepaswa kuombwa msamaha hayupo. Lisa, mtoto aliyezaliwa mwaka 1978, hana sehemu ya kuimba. Hayupo pia Abdulfattah Jandali, baba mzazi kutoka Syria. Mtunzi wa tenzi, ambaye hataki kumtaja mtu bila ya nasaba yake, angeliona hilo kuwa pengo la ajabu. Na hawapo wenye mikono. Mwaka 2010 wafanyakazi kadhaa wa kiwanda cha Foxconn huko Shenzhen, mahali ambapo simu hizo huunganishwa, walijiua. Kolitani ya mashariki ya Kongo, madini yanayoingia katika vifaa vya namna hiyo, ina wachimbaji wake. Opera ina kwaya, na kwaya hiyo hushangilia uzinduzi. Hakuna aliyefikiria kuipa, walau kwa dakika tatu, sauti ya wale walio upande wa pili wa kioo.

Hapa ndipo Kanda ya Ziwa ingekuwa na la kuongeza. Huko Malya, wilayani Kwimba, katika mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando miongoni mwao, walikaa na wanakijiji wakatengeneza maonyesho yaliyotokana na shida za pale pale, zikiwamo mimba za wasichana walioachwa na wenye mimba. Mchezo ulisimamishwa, watu wakasema, mabishano yakawa ndiyo mchezo. Chrisann wa Malya asingetoka jukwaani kimya. Na litungu la Wakurya, kinubi cha nyuzi nane chenye mngurumo wa chini, lina mwimbaji ambaye humtaja mtu kwa jina, akamsifu na akamkaripia katika wimbo huo huo, mwenyewe akiwa amekaa pale anasikia. Ni ala ambayo ingemfaa Wozniak kuliko saksafoni.

Iwapo siku moja mshairi ataitia opera hii katika Kiswahili, atapata taabu na kila kitu isipokuwa pahali inapoanzia na kuishia. Kazi yote inafunguliwa na kufungwa ndani ya banda la gari la Paul Jobs, mtu aliyenunua magari makuukuu, akayatengeneza na kuyauza. Kwa Kiingereza neno ni garage, na hapo huwa ni chumba cha faragha kando ya nyumba. Neno hilo hilo kwetu ni gereji: kiwanja wazi, aghalabu chini ya mti, fundi mmoja na vijana watano wanaojifunza kwa kushikilia taa na spana, mwenye gari akisubiri kwenye benchi, muuza kahawa akipita. Mtoto wa mwaka 1965 akipewa meza yake hapo, hataipokea akiwa peke yake na baba yake.