Upana, uzito na tairi: kinachoamua mshindi katika autocross

Autocross ya Marekani hukimbiwa kwenye uwanja mpana wa lami au zege, mara nyingi maegesho makubwa au kiwanja cha ndege kisichotumika tena, na njia yake hupangwa kwa koni za plastiki. Gari huingia peke yake na kushindana na saa. Mzunguko mmoja humalizika kwa nusu dakika hadi dakika moja hivi, na kasi ya juu haizidi sana ile ya barabara kuu. Sports Car Club of America (SCCA), chama kilichoundwa mwaka 1944, kimekuwa kikiandaa mashindano ya kitaifa ya mchezo huu tangu 1973. Kila koni huzungushiwa mstari chini. Ikianguka, au ikisukumwa hadi nje kabisa ya mstari huo, dereva huongezewa sekunde 2. Akikosa lango, mzunguko wake hauhesabiwi. Kenya na Uingereza nazo zina mchezo wenye jina hilohilo, ila kule hukimbiwa kwenye vumbi au nyasi, na yanayoelezwa hapa hayauhusu.

Katika mchezo ambao sehemu ya kumi ya sekunde inaweza kumshusha mtu nafasi kadhaa, takwimu zinazouzia magari ya spoti husaidia kidogo sana. Nguvu ya injini, muda wa kufikia kilomita 100 kwa saa, kasi ya mwisho: vyote hivyo hupimwa gari likiwa limenyooka. Kwenye uwanja wa koni gari hunyooka kwa sekunde mbili au tatu, kisha linatakiwa kupinda tena. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, kwa tairi inayoweza kuhimili msukumo wa pembeni ulio sawa na uzito wa gari lenyewe, hupitwa kwa kilomita 50 kwa saa. Hesabu hiyo haiulizi kama chini ya boneti kuna nguvu farasi 116 au 405.

Namba hizo mbili ni za magari yanayofaa kuwekwa ubavu kwa ubavu. Mazda MX-5 Miata ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 116, uzito wa takriban kilo 970 na upana wa milimita 1,675. Chevrolet Corvette Z06 ya mwaka 2002 ilikuwa na lita 5.7, nguvu farasi 405, kilo zipatazo 1,415 na upana wa milimita 1,869. Ukigawanya nguvu kwa uzito, Corvette ina zaidi ya mara mbili ya Miata.

Sasa yapelekwe kwenye slalomu, yaani mstari wa koni ambazo dereva huzipita akipinda kulia na kushoto kwa zamu. Tuseme koni zimeachana mita 18. Katikati ya gari lazima ipite mbali na koni kwa nusu ya upana wake, pamoja na nafasi ndogo ya usalama. Miata, ikijiachia sentimita 16 hivi, hupepea mita 1 kila upande. Corvette, kwa nafasi hiyohiyo ya usalama, hupepea karibu mita 1.1. Tairi zikishika sawasawa, Miata inaweza kupita kwa kilomita 64 na nusu kwa saa, ilhali Corvette inabaki chini kidogo ya 62. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika nafasi sita kati ya koni inafika zaidi ya robo sekunde. Robo sekunde hiyo imetokana na sentimita 19 za bodi peke yake, bila fundi yeyote kugusa kitu. Ndiyo maana madereva huikagua njia kwa miguu kabla ya mashindano, wakihesabu hatua kati ya koni na koni: slalomu yenye koni zilizobanana hulipa gari jembamba, na koni zikiachana sana faida hiyo hupungua.

Pamoja na hayo, Corvette hiyo imekusanya ushindi mwingi katika mchezo huu, na sababu haiko kwenye injini pekee. Iko kwenye tairi. Mpira haushiki kwa kiwango kilekile kila unapoongezewa mzigo. Ukiulemea, mshiko wake kwa kila kilo hushuka. Kwa hiyo kipimo chenye manufaa ni upana wa tairi zote nne ukilinganishwa na uzito wa gari. Z06 ilitoka kiwandani na tairi za milimita 265 mbele na 295 nyuma, jumla milimita 1,120, sawa na 0.79 kwa kila kilo. Miata ilikuwa na tairi nne za 185, jumla 740, sawa na 0.76. Gari zito limebebewa mpira wa kulitosha, na likishatoka kwenye kona, nguvu zake zinafanya kazi waziwazi: hutoka kilomita 45 hadi 90 kwa saa wakati Miata bado inajikokota, tena bila kubadilisha gia, kwa kuwa gia yake ya pili hutosha karibu njia nzima.

Honda S2000, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, inaonyesha upande mwingine wa hesabu hiyo. Injini yake ya lita 2.0 ilitoa nguvu farasi 240 katika toleo la Marekani na kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, sifa isiyo ya kawaida kwa injini isiyo na tabo. Tairi zake za kwanza zilikuwa 205 mbele na 225 nyuma, kwa gari la kilo 1,270 hivi, yaani chini ya milimita 0.7 kwa kilo. Zaidi ya hapo, nguvu nyingi hupatikana injini inapopita mizunguko 6,000. Kwenye kona kali ya kurudi mizunguko huanguka chini ya hapo. Dereva hukanyaga mafuta na kusubiri, na nguvu zinapofika kwa ghafla mkia huweza kuchomoka. Toleo la mwaka 2004 liliongezwa tairi, likarekebishwa mfumo wa chini, na Marekani likapewa injini ya lita 2.2 inayovuta vizuri zaidi mizunguko ikiwa chini. Kwa autocross mabadiliko hayo yalikuwa na thamani kubwa kuliko nguvu farasi zozote ambazo zingeongezwa.

Lotus Elise iliyoingia Marekani kwa mwaka wa modeli 2005 ni nyepesi kuliko yote yaliyotajwa, takriban kilo 900, na injini yake iko nyuma ya viti, karibu na katikati ya gari. Uzito uliokusanyika katikati hugeuka upesi na kurudi upesi. Kwa jumla ya tairi inaongoza, karibu milimita 0.89 kwa kilo. Lakini mgao wake haukuwa sawa: 175 mbele, 225 nyuma. Mtengenezaji alitaka gari lisimchomokee dereva barabarani, na matokeo yake uwanjani ni pua inayokataa kugeuka dereva anapoingia kwenye kona kwa haraka. Dereva wa Elise hulazimika kumaliza breki akiwa ameshaanza kupinda, ili uzito ubaki mbele na kuzisaidia tairi hizo nyembamba.

Magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, kama Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI, hushindana kwa njia nyingine kabisa. Ni mazito, ni marefu na tabo zao huchelewa kuamka. Faida yao ni kwamba dereva anaweza kukanyaga mafuta mapema kabla gari halijanyooka. Mvua ikinyesha, faida hiyo hukua hadi kupindua matokeo ya siku, maana gari lenye nguvu nyingi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee halina pa kuziweka. Uwanja wenyewe nao una neno lake. Zege kavu ya Lincoln, Nebraska, ambako fainali za kitaifa zimefanyika tangu 2009, hushika vizuri kuliko lami chakavu yenye kokoto.

Halafu kuna joto. Tairi laini ya ushindani hufanya kazi vizuri ndani ya mipaka fulani ya joto, na mzunguko wa dakika moja haumpi kila mtu nafasi sawa. Gari jepesi linaweza kufika mwisho tairi zikiwa bado hazijapata moto wa kutosha. Gari zito, hasa likishirikiwa na madereva wawili wanaopokezana, hufika zikiwa zimeyeyuka mabegani. Ndiyo sababu siku ya jua huonekana watu wakinyunyizia tairi maji kwa pampu za bustani kati ya mizunguko. Wengine huchora mstari wa chaki begani mwa tairi: chaki ikifutika hadi mbali upande wa ubavu, upepo hautoshi, ikibaki nzima, umezidi.

SCCA huyapanga magari kwa madaraja, kulingana na uwezo wa gari na kiwango kinachoruhusiwa cha kulibadilisha. Katika kundi la Street, ambalo liko karibu zaidi na gari la dukani, upana wa rimu lazima ubaki ule wa kiwandani. Sharti hilo moja linaeleza kwa nini rimu pana za kiwandani hutafutwa sana na wanamichezo. Ili kulinganisha magari ya madaraja tofauti, muda wa kila dereva huzidishwa kwa namba ya daraja lake. Kwa mfano, daraja lenye 0.82 likikimbiwa kwa sekunde 60 huhesabiwa 49.2. Namba hizo hutokana na matokeo ya mashindano na hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo haziwezi kutabiri njia fulani yenye slalomu iliyobana au siku fulani ya mvua.

Namba hizo pia hupima madereva pamoja na magari, kwa kuwa dereva hodari huchagua gari linaloshinda. Ulinganisho wa kuaminika zaidi ni wa dereva mmoja mwenye uzoefu akiendesha magari mawili kwenye njia moja, siku moja, kwa tairi za aina moja. Anayefikiria kununua gari la mchezo huu atafute kwanza matokeo ya namna hiyo, kisha aangalie upana wa rimu, na nguvu farasi aziweke mwisho wa orodha.