Pembe isiyo na anwani: jinsi isotopu zinavyotambua pori alikoishi tembo

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, njia ya misafara iliyopita Kasongo na Kabambare ilitoa pembe za ndovu Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na kuzifikisha Ujiji, Tabora, Bagamoyo na hatimaye Unguja. Nyingi zilivuka bahari hadi viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibonye vya piano. Njiani pembe za pori hili zilichanganyika na za pori lile, na anwani ya tembo ikapotea.

Mwaka 2016, Ashley Coutu na wenzake Julia Lee-Thorp, Matthew Collins na Paul Lane walichapisha katika jarida la PLoS ONE jaribio la kuirudisha anwani hiyo. Walitaka kupima dai moja la wanahistoria: kwamba tembo wa pwani waliadimika kufikia miaka ya 1880, ndipo misafara ikazidi kuingia bara. Kwetu sisi wa Lusangi, hapa Manyema, dai hilo linahusu nchi yetu moja kwa moja. Inafaa basi kutazama kazi hiyo ilifanywaje, na matokeo ya namna hii yanastahili kuaminiwa kwa kiasi gani.

Hawakuanza na pembe zisizojulikana. Walianza na tembo wa zamani ambao asili yao inajulikana, wa kanda tatu: pwani, Bonde la Ufa, na bara kwenye maziwa makuu. Kila kanda ilipatiwa vipimo vya isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, za kaboni, nitrojeni, oksijeni na strontiamu. Hapo ndipo pembe zisizo na anwani zilipolinganishwa na vipimo hivyo. Bila msingi huo, namba ya maabara haina maana yoyote.

Kaboni hueleza chakula. Katika kila atomu 1000 za kaboni duniani, kama 11 ni za aina nzito, kaboni-13. Miti na vichaka huikwepa kaboni hiyo zaidi kuliko nyasi za savana. Kwa kipimo cha wanasayansi, kinachoonyesha kaboni nzito iko chini ya kiwango cha kulinganishia kwa kiasi gani, majani ya miti huwa karibu -27 kwa elfu, na nyasi hizo karibu -12. Katika kolajeni, yaani protini ya mfupa na pembe, namba hupanda kwa takriban 5. Tembo anayekula majani matupu atasoma kama -22, na anayekula nyasi tupu kama -7.

Msitu mnene una alama yake. Mwaka 2004, Thure Cerling pamoja na John na Terese Hart walitoa vipimo vya msitu wa Ituri, Kongo: majani ya vileleni -29, ya penye uwazi -30.4, na ya chini kabisa, kwenye kivuli, -34. Chini ya miti mikubwa mwanga ni hafifu, na hewa hubaki na kaboni inayotoka kwenye majani yanayooza. Okapi, anayekula huko chini, ana alama hiyo hadi kwenye meno yake.

Nitrojeni nzito kwa kawaida huongezeka penye ukame. Oksijeni hufuata maji ya kunywa, na maji hubeba habari za mvua na mvukizo. Strontiamu hutoka kwenye mwamba, huingia udongoni, kisha kwenye mmea, kisha mwilini. Miamba michanga ya volkano ya Bonde la Ufa ina uwiano mdogo wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86. Miamba ya kale sana kwa kawaida ina uwiano mkubwa.

Maabara yenyewe haihitaji kipande kikubwa. Sampuli husafishwa na kulowekwa katika asidi hafifu hadi madini yayeyuke na kolajeni ibaki. Kiasi cha miligramu moja hivi hufungwa katika kikopo cha bati na kuchomwa, na gesi yake huingia kwenye mashine inayotenganisha atomu nzito na nyepesi. Uwiano wa kaboni kwa nitrojeni ukitoka nje ya 2.9 hadi 3.6, kolajeni imeharibika na namba hiyo haitumiki. Mahali pa kukata pia pana uzito wake. Mfupa hujijenga upya, kwa hiyo hutoa wastani wa miaka mingi. Pembe ni jino linaloongezeka tabaka kwa tabaka: ncha ni ya utotoni, shina ni la miaka ya mwisho.

Chukua sasa pembe mbili zinazosoma -20. Moja inaweza kuwa ya tembo wa nchi kavu ya Kenya aliyekula migunga na nyasi kidogo. Nyingine inaweza kuwa ya kusini mwa Manyema, ambako msitu na savana hukutana, tembo akala majani ya mtoni na nyasi za mbuga. Kaboni haiwezi kuzitenganisha. Nitrojeni itaonyesha ukame wa ile ya kwanza, na strontiamu itaonyesha kama mwamba wake ni wa volkano au wa kale. Ndiyo maana vipimo vinne husomwa pamoja, na anayetangaza asili ya pembe kwa kaboni peke yake anakisia.

Hata vinne vikiwepo, tahadhari inabaki. Mwaka 1995 Paul Koch na wenzake walionyesha kuwa tembo wa Amboseli, nchini Kenya, walihama kutoka kula miti na vichaka hadi kula nyasi tangu miaka ya 1960. Kundi moja, mbuga moja, namba tofauti. Walionya kwamba mabadiliko kama hayo yanaweza kutatiza utambuzi wa asili ya pembe. Kwa hiyo pembe ya 1880 ilinganishwe na mifupa ya zama zake, wala si na tembo wa leo peke yao.

Historia ya Manyema imeandikwa zaidi na wenye misafara na wasafiri wa Ulaya. Pembe ni shahidi asiyewategemea, lakini atasema vizuri juu yetu iwapo tutampa cha kulinganisha: majani ya msituni na ya mbugani kwa urefu tofauti, maji ya mito ya Lualaba na Luama, udongo wa Kasongo na wa Kabambare, na mifupa ya zamani yenye asili inayojulikana. Kazi ya kukusanya inaweza kufanywa na wanafunzi wa hapa hapa wenye mifuko, kalamu na ramani, wakiandika mahali na tarehe kwa kila sampuli. Ianze huku, kwa sababu anayeujua mto, kichaka na njia ya zamani ya tembo ni mtu wa huku.