Fundi wa Hoja kutoka Mbale

Kimaka, pembeni mwa Jinja, Kiswahili kina sauti ya amri. Hapo pana uwanja mdogo wa ndege na chuo cha ukamanda na unadhimu cha jeshi, na Waganda wengi wanaikumbuka lugha hii ikiwajia imevaa buti. Amri haiulizwi kwa nini. Labda ndiyo sababu nikiwa hapa humfikiria mtu wa Mbale, mwisho wa barabara ya Tirinyi: Dani Wadada Nabudere, mwanasheria na mwanafalsafa aliyefariki Novemba 2011, ambaye aliuliza kwa nini maisha yake yote, mpaka wenzake wakakereka.

Ninachosifu ni ufundi wa kubishana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitokota. Issa Shivji na Mahmood Mamdani, kila mmoja na kitabu chake cha 1976, walitaka tuyachunguze matabaka yetu ya ndani na namna yanavyoikalia dola. Nabudere akaja na chake cha 1977 kuwapinga: anayetawala kweli ni mtaji wa fedha wa kibeberu, kwa hiyo wazalendo waungane kwanza. Karatasi ikajibiwa kwa karatasi, hadi Yash Tandon akazikusanya kitabuni mwaka 1982. Lugha ya kitabu hicho ni kavu, na kejeli za Kimaksi zimejaa tele, lakini humo huwezi kumpinga mtu kabla hujaonyesha alichosema.

Mabishano hayo hayakuishia ukumbini. Machi 1979, mjini Moshi, Waganda wa uhamishoni waliompinga Idi Amin waliunda UNLF, muungano mpana wa aina ile aliyoitetea Nabudere, naye akiwa mmoja wa waasisi. Amin alipoangushwa, Yusuf Lule wa UNLF akawa rais kwa siku 68 tu. Mgogoro ulikuwa huu: je, rais huteua mawaziri peke yake, au Baraza la Ushauri la Taifa, chombo cha muungano huo, liridhie kwanza? Lule alishika madaraka ya urais kama alivyoyajua katika katiba. Baraza likashika makubaliano ya Moshi. Kila upande ulikuwa na kanuni mkononi, na hakuna kanuni iliyosema nani azifasiri zote mbili. Baraza lilishinda kwa hoja na kura, Lule akaondolewa, ila wakazi wa Kampala walioingia barabarani kumtetea Lule hawakuwa wamesomewa karatasi yoyote. Hilo nalihesabu kuwa kasoro ya ufundi wenyewe. Mei 1980 Tume ya Kijeshi ikatwaa madaraka, na Nabudere akarudi uhamishoni.

Uzeeni, huko Mbale, alijenga chuo kwa jina la Marcus Garvey na falsafa aliyoiita Afrikolojia: mzee asiyesoma shule asikilizwe kama msomi, kwa lugha yake mwenyewe. Napenda dai hilo kuliko njia yake ya kulifikia, inayoruka upesi mno kutoka Misri ya kale hadi leo.

Na kuhusu ubeberu bado namkatalia. Kama fundi seremala asiyepaka rangi, aliacha viungo vya hoja yake vionekane, hivyo naweza kugusa pale ninapoona pamelegea: mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi, na maduka yao hapa Jinja yakaangukia wanajeshi na matajiri wapya tuliowaita mafuta mingi. Sioni benki ya London iliyoamuru hilo.